Mama Nzi na Vikombe vya Dirishani

Wifi yangu alikuwa akienda machinjioni kila Jumamosi kukamata nzi, na mtaa mzima ulimjua kwa hilo. Wenzake walitoka kule na maini na mifupa ya supu, yeye akatoka na chupa iliyofungwa mdomo kwa kitambaa cha chandarua, nzi wakivuma ndani. Kitambaa nilimkatia mimi. Watoto wakamwita Mama Nzi, na wakubwa, wakidhani hasikii, wakalidaka jina hilo wakalitumia kana kwamba alizaliwa nalo. Alisikia vizuri sana. Aliniambia chuoni alikwisha kuitwa majina mabaya zaidi.

Mimi ni fundi cherehani. Si mtu wa sayansi, na sina subira na wasomi wanaozungumza ili wasieleweke. Wifi hakuwa wa namna hiyo. Ukimuuliza anasomea nini miaka yote hiyo, alikujibu kwa lugha ya jikoni: kuna mimea inayokula wadudu, na yeye anachunguza inavyowasaga bila meno wala tumbo. Jani la mmea huo hurefuka ncha ikawa kama uzi, na mwisho wa uzi huning'inia kikombe chenye kifuniko, ndani mna maji kidogo. Mdudu hufuata utamu wa ukingoni, huteleza, huzama. Baada ya siku kadhaa hubaki mabawa na ganda tupu. Nyama yote imeyeyuka na mmea umeinywa.

"Sasa wewe unatafuta nini tena, kama mambo yenyewe yanajulikana?" nilimuuliza siku moja, amekaa kwenye kizingiti cha chumba changu cha kushonea akinisubiri nimalize pindo la mteja.

"Natafuta kikombe kinajuaje," alisema. "Yale maji mwanzoni hayana makali ya maana. Makali yenyewe, na vimeng'enya vya kusaga nyama, mmea haumwagi mpaka ujue kuna chakula. Unajuaje? Kwa sababu kitu kimeanguka? Kwa sababu kinapapatika? Au umeuonja mwili wake?"

Vimeng'enya, akanieleza, ni vitu ambavyo hata tumbo la mtu huvitoa ili kukikata chakula vipande vidogo vinavyoweza kuingia mwilini. Mkasi wa tumbo, nikasema. Akacheka, akasema mkasi si vibaya. Kisha akaniomba shanga ndogo za kioo, zile ninazoshonea magauni ya harusi. Kikombe kimoja akatia nzi, kingine akatia ushanga wa ukubwa wa nzi. Penye ushanga maji yalibaki vilevile. Penye nzi yaligeuka makali, na vimeng'enya vikaja. Alinisimulia hayo uso umemng'aa, kana kwamba amesifiwa yeye.

Hizo zilikuwa siku za kaka yangu, mume wake. Yeye ndiye aliyekuwa akimtania kwamba ameoa mke anayeyapikia majani. Kaka aligongwa na lori asubuhi ya kawaida kabisa, akivuka barabara kwenda kazini, mkononi ana mkoba wa chakula. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Tulimzika, watu wakala, wakaondoka, na nyumba ikabaki na wanawake watatu: Mama, mimi na wifi.

Ndugu za wifi walikuja kumchukua. Hakuwa amejaliwa mtoto, hakukuwa na cha kumfunga kwetu. Walikaa sebuleni na mabegi yao magotini, wamekwisha kuulizia mpaka nauli. Wifi akawaambia, "Nimwache Mama na nani?"

Mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, mtoto wa kumzaa, nina mikono miwili na miguu miwili. Ungedhani ningekasirika. Sikukasirika, maana nilijua anasema kweli. Gauni nitamshonea mama yangu hata nikiwa nimefumba macho, lakini kumbembeleza sijui. Nikianza kubembeleza, sentensi ya pili inakuwa ugomvi.

Na Mama alihitaji kubembelezwa, kwa sababu tangu mazishi alikuwa ameacha kula. Hakususa, wala hakulalamika. Alipokea bakuli, akashukuru, akachota vijiko viwili vya uji, kisha akaliweka pembeni kama mtu aliyemaliza. Hospitali walimpima kila kilichopimika, hawakuona ugonjwa. Wakampa dawa ya kuleta hamu ya kula, na hiyo dawa nayo ikawa kitu kingine cha kumbembeleza ameze. Majirani walikuja wakasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakakunja miguu, wakanywa chai yetu, wakaenda. Methali ni nzuri, ila haijazi tumbo.

Wifi alilivaa jambo hilo kama alivyoivaa mimea yake. Leo uji wa moto, kesho wa vuguvugu. Leo chumvi, kesho sukari, keshokutwa maziwa. Leo kabla ya kuoga, kesho baada. Alibadilisha kitu kimoja kimoja ili ajue ni kipi kitakachofaa, na mimi nikimwona jikoni anaonja kwa ncha ya kijiko na kufikiri, nilitamani kulia na nilitamani kumpokonya sufuria.

"Mwanangu," Mama alimwambia siku moja kwa upole, "mimi si mmea wako."

"Mmea wangu ungekuwa umeshakula, Mama."

Wakacheka wote wawili. Bakuli likarudi limejaa.

Halafu chuo kikaamua kuibomoa nyumba ya vioo alimooteshea mimea yake. Ilikuwa jengo la zamani, paa limepasuka kwa mvua ya mawe, na mkubwa mmoja alikuwa ameona kwamba pale pangetosha magari yao. Wifi alipewa muda mfupi wa kuhamisha vitu vyake. Alibakiza jaribio moja tu, la mwisho, la kumaliza kazi ya miaka yote hiyo: vikombe vikae na njaa majuma kadhaa, vitulie, kisha vyote vilishwe siku moja, achote maji yake tone kwa tone na kuyapima. Bila hilo shahada haiji. Profesa wake alimwambia waziwazi kwamba hakuna mahali pengine pa kumpa, na nafasi ya kurudia haipo.

Akaileta nyumbani mimea iliyokuwa bado na afya. Chumba kizuri kuliko vyote kwa mimea kilikuwa cha Mama: dirisha lililopata jua la asubuhi, bafu jirani, hewa yenye unyevu. Mimi nilipinga. Nilisema mgonjwa halali na mimea inayonuka nzi waliooza, nilisema nyumba hii sasa ni jalala la chuo. Nilisema mengi. Mama akaketi kitandani, akaitazama ile mimea inavyopangwa dirishani, vikombe vyake vikining'inia, vingine vikubwa kuliko kikombe cha chai, vya kijani vyenye madoa mekundu. Akasema, "Iacheni. Itanipa watu wa kuzungumza nao."

Nikashindwa. Siku hiyohiyo nilishona vifuniko vya chandarua, kila kimoja na mpira wake kama wa kofia ya kuogea, tukavivisha vikombe midomoni ili mdudu yeyote asiingie kabla ya siku yake. Wifi akatoa amri: mtu asiguse, asifungue, asichungulie. Hata yeye mwenyewe hatachungulia. Kazi yake ni kunyweshea udongo kwa maji ya mvua tu, kwa sababu maji ya bomba yana chumvichumvi na yangeiua.

"Hawana meno," Mama alisema akiikodolea macho. "Wanatafunaje?"

Wifi akaketi kwenye kitanda akamweleza yote, yale makali na vile vimeng'enya, ushanga na nzi. Mama alisikiliza sana. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo kikombe kisipokitambua chakula, kinakaa tu hivihivi, hakijitayarishi?"

"Kinakaa tu, Mama."

"Basi ndivyo nilivyo mimi," alisema. "Chakula kinaingia mdomoni, mwili haukitambui."

Wifi alimshika mkono. Akamwambia, "Utajitahidi kidogo kidogo. Kwa ajili yetu." Mama akaitikia kwa kichwa.

Siku chache baadaye bakuli lilirudi tupu.

Sijui niwaeleze vipi furaha ya bakuli tupu katika nyumba kama ile. Wifi alilitoa chumbani kwa mikono miwili, akanionyesha. Nilisimamisha cherehani. Jioni ikarudi sahani ya viazi, tupu pia. Mama akatoa sharti moja tu: asitazamwe. "Mkinikodolea macho chakula kinanikwama. Niwekeeni, mfunge mlango, mniache na wajukuu zangu." Wajukuu ndilo jina alilowapa wale wa dirishani. Tukafunga mlango. Tungefunga hata barabara kama angetuambia.

Majuma yale nyumba yetu ilipata pumzi. Wifi aliimba jikoni, na sauti yake, Mungu anisamehe, ni ya chura. Mimi nilipunguza ukali mpaka wateja wakaniuliza kama naumwa. Kila bakuli lilipotoka tupu tulimsifu Mama kama mtoto, naye akatabasamu na kuangalia pembeni. Tukaongeza kipimo. Nacho kikaisha.

Kulikuwa na mambo ya kuona, kama tungetaka kuona. Chumba kilianza kunuka uchachu. Nilipolalamika, wifi akasema mimea hiyo hunuka, nimezoea nyumba ya pamba. Majani mengine yalianza kuwa ya manjano, akasema ni uchovu wa kuhamishwa. Mama alitukataza kumwogesha tena, akasema sasa ana nguvu zake, ataoga mwenyewe, na mchana kutwa akajifunika shuka mpaka kidevuni hata jua likiwaka. Mimi ninayemjua kiuno mwanamke yeyote wa mtaani kwa kumwangalia tu akipita, sikukiona cha mama yangu mzazi.

Siku ya jaribio ilifika. Wifi alikwenda machinjioni mapema, akarudi na chupa yake. Kabla ya kuwalisha ilibidi achote tone la maji kwenye kila kikombe, apate kipimo cha njaa cha kulinganisha nacho. Mama alikuwa amelala, ameupa ukuta uso. Mimi nilishika kisahani. Wifi akavua kifuniko cha kwanza, akaingiza bomba la sindano, akavuta.

Maji hayakupanda. Akavuta tena. Kilichopanda kilikuwa kizito, cheupe, kina mabonge.

Alikinusa. Akavua kifuniko cha pili, cha tatu. Akaingiza kidole kwenye udongo wa chungu, akakitoa kina utando unaonata. Nilimwona anawaza, na nilimwona anakataa anachokiwaza. Akanigeukia, sauti ya chini kabisa:

"Wifi, una iodini?"

Ninayo siku zote, ile dawa ya kahawia, maana sindano ya cherehani haina urafiki na kidole. Nikaileta. Akadondosha tone moja juu ya ule weupe kisahani kikiwa mkononi mwangu. Ukageuka buluu, ukaenda kwenye weusi, kama wino.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Wanga," alisema. "Ni uji."

Mimi, kwa akili zangu za mkato, nikaona kwanza jaribio limekufa. Miaka yote, shahada, nzi wote wale. Nikafungua mdomo nimgombeze Mama kwa kuilisha mimea uji kwa huruma za kizee. Wifi hakuitazama mimea tena. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda na kuliinua shuka.

Mkono wa Mama haukuwa mkono. Nilimwona mbavu moja moja kupitia kitambaa cha gauni nililomshonea mwenyewe, limemlegea kama limetundikwa kwenye msumari.

"Mama," wifi alisema. "Mama, hujala. Siku zote hizi hujala."

Mama hakuwa amelala. Aligeuza kichwa polepole. Hakuonekana mwenye aibu, alionekana amechoka tu.

"Nilikuwa nakula kidogo," alisema. "Kingine niliwagawia, uji vikombeni, viazi udongoni. Si ulisema hakuna atakayewafungua?"

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia. Nilisema siwezi, mkasema nijitahidi." Akapumzika, akavuta pumzi. "Siku ile ya kwanza niliumwaga uji humo kwa sababu sikuwa na pa kuuweka. Mkaja mkaona bakuli tupu. Mlifurahi sana, wanangu. Tangu mwenzenu azikwe sikuwa nimewaona mkifurahi. Ningewanyang'anyaje?"

Nilitoka. Nilikwenda uani nikasimama kati ya nguo zilizoanikwa, nikalia kwa hasira, na sijui hata leo hasira ile ilikuwa ya nani. Wifi alinifuata baadaye. Hakulia. Aliniambia jambo ambalo lilikuwa linamla yeye: kwamba chuoni, siku ya kwanza kabisa, walifundishwa kuwa nzi akitoweka kikombeni usiandike kwamba ameliwa. Labda sisimizi wamembeba. Labda ameoza kwa bakteria. Kwanza uliza amekwenda wapi. "Kwa nzi nimeuliza miaka yote, wifi," alisema. "Kwa Mama sikuuliza hata mara moja."

Nilimwambia anyamaze, asijipige mawe, sote tulikuwa na macho. Nilimwambia kwa ukali, ndivyo ninavyojua.

Tulimpeleka Mama hospitali. Walimtundikia maji, wakamwekea mpira puani wa kumlishia. Aliuvumilia siku chache, kisha akaomba utolewe, akaomba kwa adabu kiasi kwamba muuguzi mwenyewe aligeukia dirishani kufuta macho. Daktari alitueleza kwamba mwili ulioshinda njaa muda mrefu hupoteza hata uwezo wa kusaga, ile mikasi ya tumbo inapungua, na chakula kingi kwa ghafla kinaweza kuua. Wifi aliitikia kila neno. Alikuwa akiyajua yote. Maji yalikuwa yamezidi unga, na hakuna aliyesema hivyo kwa sauti.

Profesa alipopiga simu kuuliza matokeo, wifi alisema mimea imeharibika. Aliulizwa imeharibikaje, akajibu, "Nilikosea kuitunza." Sikusikia zaidi ya hapo. Vikombe vilikuwa vimeoza vyote, vimekuwa vyeusi kuanzia chini. Alivikata mwenyewe kwa mkasi wangu wa kitambaa, ambao sijawahi kumruhusu mtu aukatie kitu kingine, akavizika nyuma ya nyumba na udongo wake. Machinjioni hakwenda tena. Jina, hata hivyo, lilibaki. Mtaa haunyang'anyi mtu jina kwa sababu tu kazi imekwisha.

Mama alifariki kabla mvua hazijaanza, mchana, sisi wawili tukiwa chumbani. Lakini siku ninayoikumbuka si ile. Ni siku moja ya wiki iliyotangulia. Nilikuwa namkata kucha, wifi akaingia na uji, akauweka kwenye meza ndogo karibu na mto.

Mama aliutazama. "Sitaki," alisema.

"Haya, Mama," wifi akamjibu.

Mama akasubiri. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, anangoja tuanze kumbembeleza.

"Hamtakasirika?"

"Hatutakasirika."

"Basi kaeni."

Tukakaa, mmoja huku, mmoja huku. Na Mama, ambaye tangu mazishi hakuwahi kulitaja jina la kaka yangu, akaanza kumzungumzia. Alisema alikuwa mtoto mgumu kula kuliko wote aliowaona duniani. Alisema alimfukuza na kijiko kuizunguka nyumba, akimdanganya kwa hadithi, kwa nyimbo, kwa vitisho vya mbwa, tonge moja linachukua asubuhi nzima. Majirani walimcheka, wakasema huyo hatakua. Akakua. Akawa mrefu mpaka anainama mlangoni.

"Nilimlisha mpaka akawa mtu mzima," alisema. "Kijiko kwa kijiko. Halafu lori likamchukua kabla chai yake haijapoa mezani." Alinyoosha vidole vyake, nusu vimekatwa kucha, nusu bado. "Sasa nikishika kijiko, naona kazi yote ile. Nachoka, wanangu. Nachoka tu."

Wifi, ambaye hakulia makaburini wala uani wala hospitali, alilaza kichwa kwenye godoro akalia kwa sauti. Mama akamwekea mkono kichwani. Mimi nikaendelea kushika kidole nilichokuwa nimekishika. Uji ulipoa pale mezani, ukaganda utando juu, na hakuna kati yetu aliyemwambia ale.